Saa ya Nani?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mimi nimeuficha wangu tangu muhula wa pili, na kwa kuwa mhariri wa gazeti hili amenifuata kutoka maktaba hadi bwalo la chakula akitaka "kitu cha sayansi, lakini kwa Kiswahili sanifu tafadhali," nimeona nikiri papa hapa mbele ya wanachama wote. Kosa lenyewe ukilitazama ni dogo. Nilifuta 11.3 kwa raba, nikaandika 9.79.

Ilikuwa siku ya Jumanne. Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa na vipindi viwili vya fizikia baada ya chai. Stima ilikuwa imepotea tangu usiku kwa sababu ya mvua, lakini mwalimu wetu si mtu wa kuahirisha jaribio. Alimtuma mwanafunzi kwa mzee wa jenereta, na muda si muda mngurumo ukasikika nyuma ya jikoni, taa za maabara zikawaka, nasi tukapiga makofi kama watoto wa nasari. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kutafuta ile g mashuhuri, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde. Kitabu kinasema ni 9.8. Kila mtu anajua ni 9.8. Hata mpishi wetu, nafikiri, ukimuuliza vizuri atakwambia ni 9.8.

Kifaa tulichotumia kinaitwa tika-taima. Kwa msomaji aliyeagana na fizikia kidato cha pili, hiki ni kijisanduku chenye ulimi wa chuma unaotikiswa na umeme mara 50 kwa sekunde. Kila ukipiga, unaacha nukta nyeusi kwenye utepe wa karatasi unaopita chini yake. Unafunga uzito kwenye utepe, unauachilia uanguke, na nukta zinaanza kuachana: kwanza zimebanana, kisha mapengo yanakua na kukua. Kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02. Hivyo ndivyo kilivyoandika kitabu, na nani angekitilia shaka?

Tulipima mapengo yetu kwa rula. Kila pengo lilizidi lililotangulia kwa milimita nne na nusu hivi. Ukigawanya kwa 0.02 mara mbili unapata 11.3. Tukapima tena. 11.3. Tukabadilisha rula, tukamlaumu aliyeshika rula, tukamlaumu aliyeachilia uzito. 11.3!

"Wee, andika tisa pointi nane tumalize," mwenzangu akanong'ona. "Kundi la pili wameshaandika."

"Ndiyo, lakini tepu..."

"Tepu gani? Unataka kukosa alama kwa sababu ya tepu?"

Basi nikafuta. Na kwa vile 9.8 kamili ingeonekana imepikwa, niliandika 9.79, ili ionekane imetoka jasho. Huo ndio werevu wenyewe. Kundi la nne peke yao, wakiongozwa na msichana mmoja mkimya ambaye huwa hapendi kubishana, waliandika 11.4 na kuiacha hivyo hivyo. Tuliwacheka. Mtu mmoja akawauliza kama wanaishi sayari ya Sumbula.

Keshoye mwalimu aliingia na madaftari yetu chini ya kwapa. Hakusema neno. Alibandua tepu zetu zote madaftarini, akazipanga ubaoni kwa gundi, akaanza kuzipima moja moja mbele yetu. Kundi la kwanza, 11.2. La pili, 11.4. La tatu, ambalo ni letu, 11.3. Nilihisi masikio yakichemka. Alipomaliza akageuka: "Makundi matano yamepata 9.8 na kitu. Tepu zenu zimepata kumi na moja. Nimwamini nani?" Darasa zima kimya kama maji mtungini. Halafu akaninyoshea kidole mimi. Mimi ndiye kiranja wa kengele, na shuleni mwetu mtu huyo huitwa Mzee Saa kwa kejeli. "Wewe mtunza wakati. Nenda ukaniulizie hivi: tika-taima yetu inahesabu kwa saa ya nani?"

Swali hilo lilinikaa kooni mchana kutwa. Saa ya nani? Kifaa kile hakina saa! Hakina betri, hakina mishale. Kinapiga tu kadiri umeme unavyokitikisa. Umeme wa laini kuu hupishana mara 50 kwa sekunde, ndiyo maana nacho hupiga mara 50. Lakini siku ile hatukuwa na umeme wa laini kuu.

Nilikimbia nyuma ya jikoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Leo hakuna kuwasha, stima imerudi."

"Sikuja kuwashiwa, mzee. Nataka kujua tu, hii mashine jana ilikuwa inaenda ngapi?"

Akanitazama kama ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo tangu aajiriwe. Kisha akapangusa kioo kidogo chenye vumbi kando ya injini, mahali penye sindano. "Ikiwaka, hii sindano inafaa isimame hapa kwa hamsini. Lakini mashine imechoka. Inakaa arobaini na sita. Nikiizidishia mafuta inanguruma hadi mwalimu mkuu ananipigia simu. Taa zinawaka, sivyo?"

Taa ziliwaka, naam. Tulichopungukiwa ni mapigo manne kila sekunde. Sekunde zetu 0.02 hazikuwa 0.02, zilikuwa karibu 0.022, na kwa kuwa hesabu yenyewe inagawanya kwa muda mara mbili, kosa dogo likazaa kosa kubwa. Nilikaa juu ya mtungi wa gesi nikapiga hesabu upya kwa 46. Nikapata 9.56. Upungufu uliobaki ni wa utepe kusuguana na kifaa. Tepu yetu ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeipaka rangi.

Nilipompelekea mwalimu jibu hakunipigia makofi. Alisema, "Kuna watu wazima waliokutana na jambo kama hili, na dunia nzima ikitazama. Kasome habari za OPERA." Nikaenda kusoma, na nilichosoma kikanipeleka mbali kuliko nilivyokusudia.

OPERA lilikuwa jaribio la kunasa nyutrino, chembe ndogo zinazopenya kila kitu, hata wewe msomaji hivi sasa. Nyutrino hizo zilitengenezwa CERN, kituo kikubwa cha fizikia karibu na Geneva, zikapita ndani ya ardhi, bila handaki wala bomba, hadi maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730. Mwanga ungechukua milisekunde 2.4 hivi. Mwezi Septemba 2011 wanasayansi hao walitangaza kwamba nyutrino zao zimefika nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Toa rula yako ya sentimita 30 uitazame: mwanga hupita urefu huo kwa nanosekunde moja. Kwa hiyo nyutrino zilionekana kuushinda mwanga kwa rula 60, mita 18. Na tangu Einstein aandike mwaka 1905, hakuna kitu kinachotakiwa kuushinda mwanga hata kwa unywele.

Sasa hebu fikiri kazi iliyokuwa mbele yao. Ukimshindanisha mtu kutoka Nairobi hadi mji wa mbali, unahitaji saa mbili, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, na lazima zikubaliane. Wao walitumia setilaiti za GPS kuzikubalisha. Lakini setilaiti haiwezi kuona chini ya mlima wenye mwamba wa mita 1,400. Ishara ilipokewa juu, kisha ikateremshwa kwa faiba yenye urefu wa kilomita 8.3 hadi saa kuu iliyo chini. Safari hiyo ya ishara huchukua nanosekunde kama elfu arobaini na moja. Si tatizo. Waliipima, wakaitoa kwenye hesabu.

Hapa niruhusuni niseme jambo la Kiswahili, maana nimeona linafaa sana. Mkenya hutazama saa ya mkononi inayoonyesha 8, akatamka "saa mbili" bila hata kufikiri. Saa yake inasema moja, mdomo unasema jingine, na hakuna anayechelewa kazini kwa ajili hiyo. Kwa nini? Kwa sababu tofauti ni ya saa sita, haibadiliki, na sote tunaijua. Kuchelewa kunakojulikana si kosa. Bweni la mwisho la shule yetu liko mita mia tatu na zaidi kutoka kengelenii, kwa hiyo hata nikipiga kengele barabara wao huisikia karibu sekunde nzima baadaye, na sijawahi kusikia wakilalamika. Taabu huanza pale tofauti inapobadilika na hakuna aliyeambiwa.

Ndiyo yaliyowapata. Kifundo kimoja cha faiba, pale inapoingia kwenye saa kuu, hakikuwa kimekazwa sawasawa. Mwanga ulipita, lakini hafifu. Ni kama bomba lililofunguliwa nusu: ndoo itajaa, ila itachelewa kujaa. Kifaa cha kupokea kilingoja mpaka mwanga utoshe ndipo kiseme "sasa!", na kungoja huko kukaongeza zaidi ya nanosekunde 70. Saa ya chini ya mlima ikabaki nyuma, basi mgeni akaonekana amewahi. Juu ya hayo, saa yenyewe ilikuwa ikikimbia kidogo kuliko ilivyopaswa, na kosa hilo likavuta upande wa pili kwa nanosekunde 15 hivi. Toa hili kwenye lile, unabaki na zile 60. Makosa hayo yalitangazwa mwezi Februari 2012. Mei mwaka huo huo majaribio manne ya chini ya mlima ule yalipima upya, yote yakakuta kasi ya nyutrino haitofautiani na ya mwanga.

Kiongozi wa jaribio na mratibu wake wa fizikia walijiuzulu mwezi Machi 2012. Wengi waliwacheka, kama sisi tulivyowacheka kundi la nne. Lakini nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Watu wale walipopata namba isiyowezekana hawakuifuta. Walitafuta kosa kwa miezi, hawakuliona, wakaiweka namba yao hadharani na kuwaomba wengine watafute. Pengine walifanya haraka, sijui kuwahukumu. Najua tu kwamba mimi nilipopata namba isiyowezekana nilitafuta raba.

Baada ya hapo nikataka kujua watu wanaopanga mambo haya vizuri huyapangaje, kabla chembe yoyote haijaruka. Nikarudi pale pale CERN, kwenye mtambo wao mkubwa uitwao LHC. Huu ni mviringo wa kilomita 26.7, kama mita mia chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ambamo protoni huzungushwa pande zote mbili na kugonganishwa. Zinakwenda karibu sana na kasi ya mwanga, zikizunguka mara 11,245 kila sekunde. (Mkimbiaji wetu wa mita 800 alipoambiwa hivyo alisema, "Hao hawajapanda kilima cha kwetu.") Protoni hizo haziendi kama maji ya mto, zinakwenda mafungu mafungu, na fungu moja hufuata jingine kwa nanosekunde 25. Mviringo mzima una nafasi 3,564 za mafungu. Zidisha 3,564 kwa 11,245 na utapata mapigo milioni 40 na kidogo kwa sekunde. Hayo ndiyo mapigo ya saa ya LHC, na kila kifaa cha elektroniki katika majaribio yale lazima kicheze kwa ngoma hiyo moja.

Saa yenyewe si ya ukutani. Haifuati jua wala setilaiti. Protoni husukumwa na mawimbi ya redio yanayopishana zaidi ya mara milioni 400 kwa sekunde, na mawimbi hayo hugawanywa kwa kumi ili kupata yale milioni 40. Protoni zikiongezwa nguvu, mwendo wao hubadilika kidogo mno, mawimbi yakabadilika, na saa ikabadilika pamoja nayo. Nilishangaa. Nilidhani saa bora ni ile isiyobadilika kamwe! Kumbe kazi ya saa ile ni kukaa sambamba na kitu kinachopimwa. Ingekuwa sahihi kabisa kwa ajili yake yenyewe na ikaachana na protoni, isingemfaa mtu. Swali la mwalimu tena: saa ya nani? Ya protoni.

Kisha mapigo hayo lazima yasambazwe. Jaribio moja liitwalo ATLAS lina urefu wa mita 46 na kimo cha mita 25, kama jengo la ghorofa nyingi lililolazwa chini ya ardhi, likiwa limejaa vipande vya kunasa chembe. Kwa nanosekunde 25 mwanga huenda mita 7.5 tu. Maana yake, chembe zilizozaliwa katikati zikikimbia kuelekea mwisho wa jengo, kabla hazijafika ukutani mapambano mengine matatu yameshatokea nyuma yao. Kifaa cha ukutani kinaona chembe za pambano la kwanza wakati ule ule kifaa cha katikati kinaona za pambano la nne. Usipopanga vizuri, utashona kichwa cha mbuzi kwenye mwili wa kondoo na kutangaza umegundua mnyama mpya.

Kwa hiyo kila kifaa kinapewa ucheleweshaji wake. Mwanga katika faiba huchukua nanosekunde 5 kwa kila mita. Waya ukiwa mrefu kwa mita moja zaidi, wapangaji wanajua. Umbali kutoka pambano hadi kifaa, wanaujua. Hayo yote hujumlishwa, na pigo la saa husogezwa mbele au nyuma mpaka kila kifaa kifumbue jicho wakati chembe ya pambano lake inapopita. Tena kuna ishara ya pili, inayopiga mara moja kwa kila mzunguko, ili wote waanze kuhesabu nafasi kutoka moja. Bila hiyo mngekuwa kama wanakwaya wenye mdundo mmoja, kila mtu yuko ubeti wake.

Adui mwingine ni joto. Faiba ikipashwa, safari ya mwanga ndani yake hurefuka. Kwa kilomita moja na nyuzi moja ya joto ni kidogo sana, kama pikosekunde 40, na pikosekunde ni nanosekunde iliyogawanywa mara elfu. Lakini faiba ya kilomita 10 ikipatwa na badiliko la nyuzi 10 kutoka kipupwe hadi kiangazi, hizo tayari ni nanosekunde 4. Hakuna aliyegusa kitu, hakuna kifundo kilicholegea. Ni jua tu.

Dawa ya jambo hilo ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Watu wa CERN na washirika wao walibuni mfumo uitwao White Rabbit, yaani Sungura Mweupe, unaopatanisha saa zilizo kilomita nyingi mbali kwa kosa lisilofika nanosekunde moja. Jina limetoka kwa yule sungura mwenye saa mfukoni anayelia kwamba amechelewa, katika hadithi ya Alice, ambayo mwaka 1940 ilitolewa kwa Kiswahili ikiitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu. (Sungura wetu wa hadithi za bibi hana saa. Huchelewesha wengine.) Kazi yake ni hii: saa kuu inatuma ishara, na saa ya mbali inaijibu kwa faiba hiyo hiyo. Ni kama kupiga hodi uani gizani. Ukihesabu muda kati ya "hodi" yako na "karibu" ya mwenyeji, ukaondoa muda aliokawia kujibu, nusu yake ndiyo safari ya sauti. (Nusu kamili haitoshi kwa usahihi wao, maana kwenda na kurudi hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo nayo hupimwa.) Hodi hizo hupigwa tena na tena bila kuchoka, kwa hiyo faiba ikirefuka kwa joto saa inajua na kujirekebisha. Nilijiuliza kama OPERA wangekuwa na mtu wa kupiga hodi mchana na usiku kwenye faiba yao ya kilomita 8.3, huenda kule kuchelewa kungegunduliwa mapema.

Lipo bado moja, gumu zaidi, nalo ni kutetemeka. Pigo la saa halitui mahali pale pale kila mara, linayumba mbele na nyuma kama mkono wa mzee anayeshika kikombe. Mtambo wa LHC unapangiwa kuongezewa nguvu mpaka mafungu mawili yakipishana kutokee mapambano hata 200 kwa pamoja, yote ndani ya muda wa pikosekunde mia mbili hivi. Ili kuyatenganisha, vinatengenezwa vifaa vinavyopima wakati wa chembe kwa kosa la pikosekunde 30 au zaidi kidogo. Sasa saa iyumbe kwa kiasi gani? Makosa ya namna hii, yasiyotegemeana, hayajumlishwi kama shilingi. Hujumlishwa kama pande za pembetatu mraba, na hapo mwalimu wa hisabati atafurahi. Kifaa chako kina 30. Saa ikiyumba kwa 40, jumla ni 50, ile pembetatu yetu ya tatu-nne-tano, na pesa zote ulizonunulia kifaa kizuri zimepotea kwa sababu ya saa mbaya. Saa ikiyumba kwa 15 tu, jumla ni kama 33.5, na kifaa karibu kimebaki na ubora wake wote. Ndiyo maana wapangaji hukaa mezani kubishania pikosekunde za saa miaka mingi kabla kifaa chenyewe hakijafungwa. Zamani ningeona ni watu wasio na kazi.

Wiki iliyofuata nilimwendea yule msichana wa kundi la nne. Nilimwambia tepu yetu nayo ilisema 11.3. "Nilijua," akasema. "Nilikuona ukifuta." Hakucheka wala hakununa. Alisema hakuiacha 11.4 kwa ushujaa wowote, alikuwa tu hana kitu kingine cha kuandika, maana hicho ndicho alichopima. Nikamuuliza ikiwa angependa tupange saa ya maabara, sisi wawili, kabla ya jaribio lijalo. Akafikiri kidogo, akauliza, "Saa gani tutakayoiamini?"

Tuliiamini saa yake ya mkononi, ya bei rahisi, ya plastiki. Ndani yake mna kijipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo si ya bahati nasibu: igawanye kwa mbili mara kumi na tano utapata moja, nayo ndiyo sekunde. Ni mtindo ule ule wa LHC wa kuanza na mapigo ya haraka na kuyagawanya. Tena haijali jenereta imechoka au la.

Mpango wetu ulikuwa mfupi. Tungewasha tika-taima kwa umeme wa jenereta, tuvute utepe mrefu taratibu kwa sekunde 10 za saa ile, kisha tuhesabu nukta. Mvutaji anajua wa kumwambia "anza" na "basi" atachelewa kidogo, lakini akichelewa sawasawa mwanzoni na mwishoni, kuchelewa kunafutana. Na kwa kuwa hakuna binadamu anayechelewa sawasawa, tungerudia mara tano. Mwalimu alikubali. Mzee wa jenereta alikuja mwenyewe kushuhudia, amevaa koti lake la Jumapili, maana alikuwa amesikia mashine yake inapimwa.

"Usiizidishie mafuta, mzee," nikamwambia. "Iache ilivyo."

"Ilivyo ndivyo ilivyo," akajibu, akavuta kamba.

Nilivuta utepe mara ya kwanza mpaka ukafika mlangoni. Tulipiga magoti sakafuni kila mmoja upande wake, tukahesabu kwa kidole, tukakutana katikati. Yeye alikuwa na 230, mimi nilikuwa na 231. Akalisogeza daftari kwangu. Niliandika 461 kwa wino.